Maboga Yangu Yote Madume

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Bado. Majani tu. Makubwa kama masinia, yenye madoa ya fedha, yamepanda ukuta mpaka juu ya bafu. Ua hata moja hakuna.

Binti yangu kanipa hili daftari. Kasema niandike, niache kuongea peke yangu uani, majirani wanasikia. Sawa. Naandika. Shule niliacha mapema, mwandiko kama kuku kapita kwenye matope, lakini msomaji ni mie mwenyewe, nitavumilia.

Haya maboga ni ya mke wangu. Marehemu. Kwenye mtaa huu hakuna mwingine mwenye mbegu yake: boga la kijani, mistari myeupe, ukilipika linakauka vizuri, tamu mpaka unasahau kuomba chumvi. Kila msimu alikuwa anaweka mbegu kwenye kopo la maziwa. Msibani dada yake mkubwa, huyu Shemeji, akaniomba nusu kopo. Nikamjibu mbele za watu kwamba mbegu za mke wangu zitapandwa na mume wake. Watu wakatikisa vichwa. Nikajiona mwanamume.

Nikapanda zote. Kopo lote! Nilitaka zijae ukuta mzima, Shemeji akipita roho imuume. Binti akauliza kwa nini sikubakiza hata chache. Nikamwambia asinifundishe kazi.

Sasa yasipozaa, mbegu basi. Mke kaondoka, boga lake nalo linaondoka, na anayelisindikiza ni mie.

Jirani yangu Fundi Redio naye kapanda, yale maboga ya kawaida ya njano. Kapanda nyuma yangu, katoa maua mbele yangu. Leo kachungulia juu ya ukuta, kauliza eti maboga yangu yanasubiri kuposwa? Nimeingia ndani. Nimelala bila kula.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimepata!

Kazini mie nasukuma toroli. Kitalu cha maua, jumba la nailoni, maua yanauzwa mbali huko. Wenzangu wananiita Toroli. Udongo ndani, takataka nje, udongo ndani. Leo Bwana Taa alikuwa na wageni. Huyu ndiye msimamizi wa mataa, viatu havijawahi kugusa tope. Nikapita karibu nikamsikia anawaambia ua halijipangii lenyewe, mwanga ndio unaopanga. Ukiwasha taa jioni, mmea unadhani jua bado lipo, unabadili mambo yake yote. Wageni wakasema aah. Nami moyoni nikasema aah.

Akaendelea, "Ila inategemea..." Hapo toroli likaanza kulia, gurudumu kavu, sikusikia inategemea nini. Haikunihusu. Ya muhimu nilikuwa nimeshayabeba.

Kwenye boksi la balbu mbovu kulikuwa na moja nono. Nikaitikisa sikioni. Kimya. Nzima hiyo! Nimeiazima. Getini mlinzi akaniuliza tumbo limekuwaje. Nikamwambia gesi. Akasogea kando haraka.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Taa inawaka.

Haikuwa rahisi. Mara ya kwanza nilishika waya vibaya, umeme ukanisalimia, nikaangukia kwenye ndoo. Mara ya pili nyumba nzima ikazimika, Binti akamalizia kupika kwa kupapasa, tukala sukari kwenye maharage. Mara ya tatu, lo! Uani kama uwanja wa mpira. Unaweza kumtafuta sisimizi.

Binti kasema mama yake hakuwa na taa na alivuna. Nikamwambia mama yake hakufanya kazi kitaluni.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Fundi Redio kaja na macho mekundu. Malalamiko: jogoo wake hajui tena asubuhi ni ipi. Anawika wakati wowote. Kakonda, sauti imepasuka. Nikamshauri amnunulie jogoo pazia.

Kasema hiyo taa itaniumbua. Wivu!

Nami silali, kusema kweli. Leo nimesinzia nikisukuma. Toroli limeingia mtaroni, mie juu yake. Bwana Taa kaniuliza nimekunywa nini.

Jumatano, tarehe 19 Machi

MAUA!

Ya njano, wazi, kama vipaza sauti, yamejaa ukuta. Nimesimama uani nikacheka peke yangu, sijacheka hivyo tangu msiba. Fundi Redio nilimwita mie mwenyewe aje achungulie. Alichungulia, akarudi kwa jogoo wake.

Nimekwenda kwa Shemeji, mtaa wa pili. Sikukaa. Mlangoni hapo hapo nikamwambia mbegu za mke wangu zimeitika. Akauliza maua mangapi. Nikasema hayahesabiki. Akauliza na viboga vidogo je, vipo? Nikamjibu maua kwanza, tumbo baadaye, hata binadamu ndivyo. Akaniangalia vile anavyoniangaliaga. Kasema kesho atapita.

Nimefagia uani. Nimeoga. Nimevaa lile shati la sikukuu.

Alhamisi, tarehe 20 Machi

Bora nisingevaa shati.

Shemeji kaja. Kainama, kageuza ua moja. La pili. La tatu. Akaanza kucheka. Halafu akaacha kucheka, hapo ndipo nikaogopa.

"Shemeji," kasema, "haya yote madume."

Nikamwambia ua halivai suruali, amejuaje. Akanionyesha. Dume lina kikonyo kirefu, chembamba, na katikati kijiti kimoja chenye unga wa njano. Jike linakaa chini, fupi, na shingoni lina kiboga chake kidogo tayari, kama mjamzito. Bila jike hakuna boga. Tukatafuta ukuta mzima, yeye kushoto, mie kulia, Binti juu ya ngazi. Dume. Dume. Dume. Shemeji akasema hili si shamba, ni kambi ya jeshi.

Kisha akaiona balbu. Akauliza hii nayo inamulika nani? Nikamweleza kitaalamu. Akajishika kichwa. Kasema mdogo wake alikuwa anapanda nyuma ya bafu, kwenye kivuli, na asubuhi alikuwa anachuma dume anamgusisha jike, mmoja mmoja, mpaka amalize.

Nilimwona. Kila asubuhi nilimwona na ua mkononi. Nilidhani anacheza. Nilikuwa namwita alete chai.

Shemeji hakunywa kitu. Mlangoni kasema, "Ungenipa nusu." Basi. Afadhali angetukana, ningemtukana.

Jioni Fundi Redio kauliza juu ya ukuta kama bweni la wavulana bado lina nafasi.

Ijumaa, tarehe 21 Machi

Nimemvizia Bwana Taa. Nikamwambia kuna mtu namjua, ana maboga, kayawashia taa, kapata madume matupu. Akasema huyo mtu ni mpumbavu. Nikasema ndiyo, nami namwonaga hivyo.

Akaeleza. Kila mmea na tabia zake. Boga likiona siku ndefu na joto jingi linazidisha madume. Siku fupi na ubaridi, ndipo majike yanakuja. Akasema mbona haya aliwaambia hata wale wageni. Kumbe ndiyo ile inategemea yake! Mtu ana neno muhimu analiweka mwisho, nani atalisubiri?

Dawa yake: huyo mtu azime taa, asubiri. Asubiri! Mashina yanazeeka, majani ya chini yameshaanza njano. Huyo mtu hana muda wa kusubiri.

Nimefikiria nikisukuma toroli. Mwanga ukizidi, madume. Basi giza likizidi, majike. Na giza totoro, majike matupu! Hata mtoto angeona.

Jumapili, tarehe 23 Machi

Nimefunika.

Kazini walikuwa wametupa nailoni nyeusi, nzito, imechanika upande mmoja tu. Nimeibeba mgongoni. Mlinzi hakuuliza, anaogopa gesi. Nimeifunga ukuta mzima kwa kamba na mawe. Uani kunaonekana kama nimeficha gari la wizi. Haikufika nyuma ya bafu, kuna shina moja limekwenda huko lenyewe, hata taa halikuiona. Hilo nimeliacha. Mkaidi mmoja hanipunguzii kitu.

Binti kasema mimea inapumua, baba. Nikamwambia hata sisi tunajifunika blanketi na tunaamka.

Jua kali leo. Vizuri. Kwa ndani watakuwa wanastarehe.

Jumanne, tarehe 25 Machi

Sitaki kuandika.

Nimefunua. Joto likanipiga usoni kama nimefunua sufuria. Harufu ile ile. Majani yamelegea, meusi, yanateleza mkononi. Maua yameoza. Ukuta mzima umeiva. Ningekuwa na kitunguu ningepakua.

Nilikaa juu ya ndoo. Binti alitoka, akaona. Hakusema hata lile la kupumua. Kaleta chai, kaiweka chini pembeni yangu, karudi ndani. Imepoa hapo hapo.

Mbegu za mke wangu nimezipika kabla hazijazaliwa.

Fundi Redio alichungulia, akaona, akarudisha kichwa. Hata yeye. Mzaha wake ungenisaidia leo.

Jumatatu, tarehe 31 Machi

Nyuma ya bafu. Lile shina mkaidi.

JIKE!

Nilikwenda kumwaga maji machafu. Nikaona kitu chini ya jani. Kiboga, saizi ya kidole gumba, na mistari myeupe anayo tayari, yule yule, kama mtoto kazaliwa na sura ya mama yake. Juu yake ua bado limefumba. Nilipiga magoti kwenye tope la bafu. Nikamsalimia. Binti kanisikia, safari hii kaniacha niongee.

Halafu nikakumbuka. Dume? Dume la kumgusisha liko wapi? Nimezunguka ukuta mzima. Shina hilo lina vitumba viwili vya dume, vidogo, havitafunguka leo wala kesho. Juzi nilikuwa na jeshi zima. Leo sina hata mgambo.

Fundi Redio kasikia yote, masikio yake nayo ni redio. Kasema, jirani, chukua dume kwangu, la bure, na samahani kwa ya bweni. Binti kasema tuchukue. Nimekataa! Binti alishamuuliza mama yake mkubwa: boga lenyewe litatoka sawa, ila mbegu za ndani zitakuwa chotara. Yaani msimu ujao nile boga la mke wangu lenye pua ya Fundi Redio? Hapana.

Nitasubiri vitumba vyangu. Navisemesha vikue.

Ijumaa, tarehe 4 Aprili

Jike limefunguka leo. Vitumba vyangu bado vimefumba kabisa. Hili jambo linaisha asubuhi moja, jua likipanda ua linafunga na halifungui tena.

Kabla sijajua nifanye nini, Shemeji akaingia na kikombe kimefunikwa kitambaa. Binti ndiye aliyemwita. Ndani ya kikombe kulikuwa na dume. Kubwa, limejaa unga. Kwenye kikonyo kimebaki kipande cha jani. Nikakitazama. Jani lenye madoa ya fedha. Madoa hayo nayajua, nimelala nayo macho mwezi mzima.

Nikamuuliza limetoka wapi. Kwake. Kwake wapi? Uani kwake. Mbegu? Akanyoosha shingo, akasema msibani, nilipotoka kusindikiza watu, alitia mkono kwenye kopo. Kiganja kimoja.

Nikamwita mwizi wa msibani!

Akasema yeye kaiba cha mdogo wake, mie nimechemsha cha mke wangu, majirani wachague. Nikamwambia atoke. Akasema sawa atatoka, ila kwanza tugusishe ua, ugomvi upo tu, haufungi saa nne kama ua. Nikasema dume la wizi halikanyagi kwangu. Hapo tukafunguka wote. Nani alimpenda zaidi. Nani alikesha hospitali. Nani alichukua sahani zile za maua. Nani alimchelewesha kuolewa na yule mchumba mwingine. Fundi Redio akaruka ukuta kuamua, akaambiwa na wote wawili arudi alikotoka. Binti alikuwa anasema, "Baba, jua. Mama mkubwa, jua." Analia huku anasema jua, jua. Hatukumsikia.

Koo liliponikauka ndipo nikasema haya, lete.

Tukaenda nyuma ya bafu. Jike limejikunja. Limefumba kama mdomo wa mtu aliyechoka na maneno. Shemeji akajaribu kulifungua kwa ukucha, taratibu, likachanika. Unga wa dume umemwagika chini ya kikombe, umelowa.

Shemeji akafunika kikombe, akaondoka. Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Hatukuwa na nguvu.

Jumanne, tarehe 8 Aprili

Kiboga kimeanguka. Kilianza njano nchani, leo nimekigusa, kikabaki mkononi. Nimekitia mfukoni. Kazini nasukuma, nakigusa. Bwana Taa kauliza yule mtu wa maboga kaishia wapi. Nikasema kahama.

Vile vitumba viwili vya dume vimefunguka leo. Vizuri, vinono. Vinaangalia huku na huku, hakuna mtu. Naijua hali yao.

Nimekata shina. Ukuta uko wazi. Kopo la maziwa nimeliosha, nimeliweka kifudifudi.

Jumapili, tarehe 13 Aprili

Nimekwenda kwa Shemeji. Sikusema samahani. Nilisema habari za asubuhi, ila kwa sauti ya samahani. Kaelewa. Kasema nzuri, kwa sauti ile ile.

Kanipeleka uani kwake. Mimea ya kile kiganja chake mbuzi wa jirani walikula karibu yote, limebaki shina moja. Na shina hilo, chini ya majani, lina boga. Moja! Limeshika kweli, limekuwa kubwa kama ngumi, kijani, mistari imekaa sawa. Kasema ndilo hilo tu. Likikomaa ndani kuna mbegu, tutagawana, nusu yake nusu yangu. Likiharibika, basi, mdogo wake kamalizika.

Nilipiga chafya ya uongo.

Binti wa Shemeji kajifungua, Shemeji anasafiri kwenda kumsaidia, na Binti yangu anafuatana naye. Mwenye kubaki ni mie. Kasema hana mwingine. Kanipa ufunguo wa uani. Maagizo: maji asubuhi. Basi. Nikauliza na kingine? Kasema, "Maji, shemeji. Usifikiri."

Nimeapa. Nimeapa kwa kaburi. Akanishika mkono kama mtu na mtu.

Jumatatu, tarehe 14 Aprili

Asubuhi nimekwenda, nimetia maji. Sikuwasha taa. Sikufunika kitu. Mtu anajifunza.

Ila nilichungulia. Maskini, lile boga linakaa kizani! Majani yamelizunguka pande zote, makubwa, hewa haipiti, jua halioni. Upande wa chini limepauka kama mtu aliyetoka kulazwa. Likiwa hivyo litakomaa lini?

Bahati nzuri leo Bwana Taa alikuwa anawafundisha wale akina mama wa sehemu ya waridi. Safari hii nilisimamisha toroli, nikasikia mpaka mwisho, kila neno. Majani yanayoziba yang'olewe, mwanga ufike panapohitajika. Kamaliza, kafunga mdomo, hakuna inategemea yoyote. Na boga ni nini kama si ua lililokua?

Nimetoka kazini nikapitia kwa Shemeji. Nimekata majani yote, moja moja, kwa heshima, kwa kisu kikali lisiumie. Sasa boga liko peupe, linaonekana mpaka barabarani. Jua la alasiri likalipiga, likang'aa! Nimekaa nalo mpaka jua linazama. Shemeji akirudi atanyamaza yeye.

Shina nalo limelegea, limelala chini lote, kichwa na mikono. Limebeba majani yale muda mrefu. Nimeliacha lipumzike.